Kofia Ambayo Sikumshonea

Aliponiacha, mume wangu hakusema kwamba hanipendi. Hilo ningelibeba. Alisema, mbele ya mama yake na mdogo wake, kwamba amepata mwanamke mwenye mikono.

"Wewe mikono yako ni ya kupasulia kuni," akaniambia, huku akiizungusha kidoleni kofia mpya ya viua, ile iliyojaa matundu madogo yaliyozungushiwa uzi. Alisema ameshonewa na huyo anayemwoa. Mama mkwe alicheka. Mdogo wake aliinamisha kichwa.

Nikarudi kwa mama Mitwero, nje kidogo ya Lindi, nikakaa eda nimenuna. Kwetu pwani mke akimshonea mumewe kofia, mume huivaa Ijumaa na watu hujua kwamba huyu nyumbani kwake anatunzwa. Mimi sikuwahi kufundishwa. Utoto wangu wote ulipita Nangurukuru, kwenye njia panda ya mabasi, kabla hatujahamia Mitwero, mama akiuza chapati na samaki wa kukaanga, mimi nikikimbilia madirisha ya mabasi na sinia kichwani. Nani angenishikisha sindano?

Mama alijaribu kunituliza. "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Huu nitaukata, mama."

Mjini Lindi kulikuwa na mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, akifundisha wanawake kudarizi kwa mkono katika chumba cha nyuma. Sote tulimwita Bibi. Eda ilipokwisha nikaenda, nikampa shikamoo, nikamwambia nataka kujua kushona kofia za viua kuliko mwanamke yeyote wa mji ule.

"Marahaba," akajibu. "Kaa chini. Utaanza na mstari."

Darasa lake lilikuwa na ngazi, na hakuna aliyeruka ngazi. Kwanza mstari mnyoofu juu ya kipande cha marikani. Kisha mshono wa kurudi nyuma, kisha mnyororo. Baada ya hapo ndipo ulipopewa penseli kuchora nakshi, na mwisho kabisa viua. Kila ulichomaliza alikigeuza akatazama upande wa ndani. Akikuta fundo, alikurudishia bila neno, na wewe ukajua cha kufanya: kufumua.

Nilifumua mpaka vidole vikaota sugu. Wenzangu walikuwa wakipiga soga na kucheka. Mimi nilishona kimya, na kila tundu nililotoboa nilikuwa namtoboa yeye.

"Unashona kwa hasira," Bibi akaniambia siku moja. "Uzi unakaza."

"Hasira ndiyo iliyonileta, Bibi."

"Basi ilegeze kidogo. Kitambaa kinakunjamana."

Nikailegeza, kiasi cha kitambaa kutulia tu.

Nilipovuka ngazi zote, Bibi, ambaye macho yalikuwa yameanza kumchosha, akanikabidhi wanafunzi wapya. Na hapo ndipo Mungu aliponiletea mtu. Asubuhi moja pazia lilifunuliwa, akaingia yule mke mpya. Mwenye mikono! Aliponiona alisimama pale pale mlangoni, na nusura ageuke arudi.

"Karibu," nikamwambia. "Utaanza na mstari."

Sikumtukana hata mara moja. Nilikuwa nageuza kazi yake, natazama upande wa ndani, namrudishia. Anafumua. Wenzake walipofika kwenye mnyororo yeye alikuwa bado kwenye mstari. Baadhi ya mistari aliyofumua ilikuwa imenyooka. Nilijua, na nilimfumulisha vilevile.

Siku moja wenzake walipokwenda kuswali adhuhuri, alibaki na kitambaa mapajani. "Dada," akasema, "zile kofia anazovaa sikushona mimi. Alizinunua Unguja. Aliniambia nikiulizwa niseme zangu. Sasa ameahidi watu kwamba nitawashonea, na mimi nimekuja hapa sijui hata kushika sindano."

Watu hudhani hapo nilimhurumia. Hapana. Nilifurahi, maana nilielewa kwamba siku ile ya kuachwa nilivuliwa nguo kwa kazi ya mkono wa mtu ambaye hakuwahi kukanyaga nyumba yetu. Hasira yote niliyokuwa nimewagawia wawili ikamrudia mmoja.

"Kesho utaanza mnyororo," nikamwambia.

Kisha nikaanza kazi yangu. Wa kwanza kumshonea alikuwa mdogo wa yule mume aliyeniacha, yule aliyeinamisha kichwa. Nilimpelekea mwenyewe, akaipokea kwa mikono miwili. Baba yake mdogo akaiona, akataka. Akataka imamu wa msikiti wao. Wakaja wa mnadani, wenzake yule aliyeniacha, maana yeye ni dalali wa samaki, na wale ndio watu anaowaringia kila asubuhi. Nilimshonea kila mwanamume ambaye macho yake yangekutana na yake.

Mfungo ulipokaribia kwisha, akaja mwenyewe. Ilikuwa alasiri, tumekaa barazani kwa mama na wanawake wa jirani, sindano mikononi.

"Hodi."

"Karibu."

Akasimama akipangusa jasho. "Na mimi nishonee ya Idi. Wenzangu wote wanavaa zako."

"Kipimo cha kichwa chako sikijui."

"Umekaa nami ndani miaka yote ile, hukijui?"

"Nilikijua kilipokuwa hakijavimba."

Wanawake wakaangua kicheko. Yeye akajaribu kucheka nao. "Haya, yaishe," akasema.

"Mkeo ana mikono. Au aliyekushonea amerudi Unguja?"

Alitazama nyuso za wale wanawake mmoja mmoja, akaona kwamba zote zimesikia. Kabla ya magharibi mnadani walikuwa wanajua, hadi wapara samaki.

Siku ya Idi nilisali, nikasubiri wanaume watoke. Walitoka na kofia zangu, nyeupe, zimesimama vizuri juani. Yeye alitoka katikati yao na kofia ya mashine, maana ya Unguja isingevalika tena, nyuzi zikimning'inia sikioni, akitembea haraka. Sijawahi kula pilau tamu kama ile ya siku hiyo. Na watu wakiniuliza leo kama nimemsamehe, nawaambia bado, na sioni haraka yake.

Nilidhani atamkataza mkewe kuja darasani. Labda alimkataza. Lakini baada ya sikukuu mwanamke alirudi, akakaa mahali pake, akaendelea. Alikuwa mzito wa kushika, ila akishika haachi. Alipofika kwenye viua nilimfundisha kama nilivyofundishwa, sikumficha kitu. Siku aliyotaka kukata kitambaa cha kofia yake ya kwanza, nikamuuliza kichwa ni cha nani, nimsaidie kipimo.

"Cha baba," akasema. "Yuko kisiwani, Songo Mnara."

Sikumuuliza zaidi. Nilimshikia utepe, naye akakata.