Kifua Kiliponyamaza

Tusajigwe hakuwa mtu wa kukaa. Tangu usichana wake kule Uyole, Mbeya, mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hata umpe kigoda, kigoda chenyewe kitachoka. Alikula amesimama. Aliwasuka wenzake nywele huku akiwazunguka. Alipoolewa Igowole, Mufindi, na Shedrack, fundi seremala, alifungua chumba cha cherehani ubavuni mwa karakana ya mumewe, na hapo miguu yake ikapata kazi ya kuituliza: kukanyaga cherehani kutwa, sare za shule, sare za kwaya, mapazia ya watu wanaooa.

Pumu alikuwa nayo tangu utotoni. Ukweni hawakuiita pumu, waliita kifua. Mama mkwe wake, Rozalia, alikuwa na namna yake ya kukipima. Asubuhi akipita nje ya dirisha la mkaza mwanawe alisimama kidogo akatega sikio, kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati. Kikipiga filimbi, alisema, "Leo kifua kimeamka vibaya," akaleta maji ya moto yenye tangawizi. Kikiwa kimya, alimshukuru Mungu akaenda zake kwenye viazi. Tusajigwe mwenyewe alijipima vivyo hivyo. Filimbi nyingi, ugonjwa mwingi. Hakuna filimbi, hakuna ugonjwa.

Pampu yake ya bluu ilikaa mfukoni mwa aproni pamoja na chaki na futi. Akibanwa anavuta, kifua kinafunguka, mguu unarudi kazini. Zamani pampu moja ilimtosha msimu mzima. Siku hizi iliisha kabla hajasahau siku aliyoinunua, naye hilo hakulitilia maanani. Ana dawa, na dawa inafanya kazi. Sasa kwa nini aitwe mgonjwa? Zahanati walikwisha mpa na nyingine ya kahawia, wakamwambia aivute kila siku, awe na nafuu asiwe nayo. Aliivuta mpaka alipojisikia vizuri, kisha akaiweka dirishani nyuma ya pasi, ikasahaulika huko. Mtu mwenye afya kuvuta dawa aliona ni kujiitia maradhi.

Neno hilo, mgonjwa, ndilo lililokuwa likimkimbiza. Shangazi yake mmoja aliitwa hivyo Uyole, akakalishwa kwenye mkeka uani, na toka hapo hakuna aliyemtuma hata chumvi.

Ulikuwa mwezi wa tisa, watu wanachoma mashamba. Upepo ulileta majivu mpaka kwenye nguo zilizoanikwa, na ukungu wa asubuhi ulipoinuka ulikuwa na harufu ya misonobari iliyoungua. Mafua yalikuwa yamepita nyumba nzima. Wengine yaliwatoka puani. Yeye yalimshukia kifuani, akawa analala ameegemea ukuta. Hakumwambia mtu. Kwaya ya usharika ilikuwa imemwagiza sare za jubilei, na kitambaa cha zambarau walichokitaka kilipatikana Iringa mjini, dukani kwa Kantilal.

"Subiri upate nguvu," Shedrack alimwambia, huku akipiga randa ubao wa mlango.

"Nikisubiri nitashona nini, majani?"

"Basi nenda na mama. Anakwenda kupimwa macho."

Wakaenda. Iringa iliwapokea na upepo mkali wenye vumbi. Miaka yote Tusajigwe ndiye aliyetangulia njiani na Rozalia akamfuata akilalamika kwamba anakimbizwa. Siku hiyo, kwenye mlima wa kuelekea dukani, mzee alijikuta mbele peke yake. Akageuka, akamwona mkaza mwanawe amesimama anatazama viatu vya kiume kwenye dirisha la duka, kana kwamba anachagua. Alikuwa amekwisha ivuta pampu njia nzima mpaka vidole vikawa vinatetemeka.

Dukani alikuwepo Hansa, mke wa Kantilal. Yeye na Tusajigwe walijuana kwa vitambaa, miaka na miaka.

"Kamwene, mama," Hansa alimsalimu Rozalia, kisha akamgeukia mwenzake. "Fundi wa Igowole, zambarau yako imefika. Nishushe ngapi?"

Alianza kushusha majora. Kila jora lilipopiga meza lilitoa vumbi jepesi na ile harufu kali ya nguo mpya. Tusajigwe alifungua kinywa.

"Nataka ile..." Akapumzika. "Ya kwaya..." Akapumzika tena. Neno la tatu halikuja.

Akakaa chini. Rozalia alishtuka zaidi kwa kule kukaa kuliko kwa filimbi, ingawa filimbi ilikuwa kubwa hata wateja wakageuka. Akatandika kanga sakafuni, akamlaza chali, akaanza kumpepea kwa kifuniko cha boksi. Tusajigwe alitaka kusema asilazwe. Akiwa chali ilikuwa kama mtu mzima amemkalia kifuani. Alipeleka pampu mdomoni, akabonyeza, dawa ikaishia kwenye ulimi. Hakuwa na pumzi ya kuivuta ndani.

Kisha filimbi ikaanza kupungua. Ikawa nyembamba, ikawa ya mbali, ikaisha.

Rozalia aliinama akatega sikio. "Asante Yesu," alisema. "Kimenyamaza. Mwacheni alale."

Watu wakashusha pumzi. Mteja mmoja akarudi kuuliza bei ya shuka. Tusajigwe aliyasikia yote. Alikuwa akiitafuta filimbi yake humo ndani, kama unavyomwita mtu wa nyumbani asiitike, nayo haikuwepo, kwa kuwa upepo wa kuipuliza haukuwepo. Na miguu yake, ile miguu, haikutaka kitu chochote. Hofu ilimpanda, halafu hata hofu yenyewe ikaanza kumwacha, na hapo akajua anakwenda.

Hansa hakurudi kwenye mkasi wake. Alikuwa anaitazama shingo ya mgonjwa: kila mara ngozi ilizama juu ya mtulinga, ikafanya shimo, na midomo imegeuka rangi.

"Mama, huyu hajalala."

"Filimbi imekwisha, mwanangu. Huwa inakwisha hivyo."

"Imekwisha kwa sababu hewa haipiti. Nimemlea mwanangu Sahil na ugonjwa huu. Ikinyamaza namna hii ndiyo mbaya. Msaidie, mkalishe."

Walimwinua wakamwegemeza mbele, mikono juu ya jora la zambarau. Hansa aliimwaga chupa ya maji, akaitoboa kitako kwa mkasi, akachomeka pampu hapo, akamtia mdomo wa chupa kati ya midomo. "Nabonyeza moja. Vuta kidogo tu, inayoingia. Tena. Usihesabu, nitahesabu mimi." Mumewe, Kantilal, alikwisha leta gari mlangoni, na njia nzima hadi hospitali mwanamke yule hakuitoa ile chupa.

Hospitali walimwekea oksijeni, wakampa dawa ya mvuke kwa barakoa na sindano ya mshipani. Baada ya muda filimbi ikarudi. Rozalia alipoisikia alianza kulia, akidhani ugonjwa umeanza upya. Muuguzi akamshika bega. "Hiyo ni habari njema, bibi. Njia imefunguka. Sasa hewa inapita penye mbano, ndiyo maana inalia."

Rozalia alitoka nje akakaa kwenye benchi, akasahau habari ya macho yake.

Alipoweza kuzungumza, Tusajigwe aliletewa daktari, kijana mtulivu jina lake Amos, aliyevuta kiti akakaa. Tusajigwe mwenyewe alikuwa ameshaanza kutafuta viatu chini ya kitanda.

"Pumu yako ni kubwa kiasi gani?" daktari alimuuliza.

"Ya kawaida. Inapiga filimbi kidogo tu."

"Tuiache filimbi. Usiku inakuamsha?"

"Wakati mwingine." Kisha, kwa kuwa yule kijana alingoja, "Kila usiku, siku hizi."

"Pampu ya bluu unaivuta wakati wa shida tu?"

"Asubuhi. Mchana. Nikishona sana."

"Na ukipanda mlima, unaupanda bila kusimama?"

Akakumbuka viatu vya kiume dirishani.

"Hivyo ndivyo tunavyoipima," Amos alisema. "Ukiihitaji bluu kila mara, maana yake moto haujazimwa. Bluu inafungua mlango tu. Inayozima ni ile ya kahawia, nayo inafanya kazi polepole, ndiyo maana unaivuta hata siku unayojiona mzima."

Kuhusu moto hakuhitaji maelezo. Mtu wa Mufindi anajua moto wa msituni unavyozimwa juu ukaendelea chini, kwenye mizizi na majani makavu, watu wanarudi nyumbani wakiimba, na kesho kutwa unatokea upande wa pili.

"Na nini kinauchochea?" aliuliza.

"Kila mtu na chake. Mwingine ni paka, mwingine baridi, mwingine mafua, moshi, vumbi la mbao, manukato. Wewe unaishi na nini?"

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Mwanamke wa fundi seremala, fundi nguo mwenyewe, anayepika kwa kuni, kwenye baridi ya Igowole.

Kurudi nyumbani kulikuwa kugumu kuliko kuugua. Alimwambia Shedrack msumeno na randa vitoke ubavuni mwa nyumba.

"Nihame kwangu?" Shedrack aliuliza taratibu. "Mbao hizi ndizo zilizokuoa."

Jikoni nako akakataa kuingia kuni zikiwaka. Rozalia alipika peke yake siku kadhaa. Majirani walikwisha anza kusema mke wa Kinyakyusa amerudi kutoka mjini na madaha. Tusajigwe alizunguka uani kama kuku aliyefungiwa nje ya banda, hana jiko, na chumba cha cherehani kimejaa vumbi la mbao. Yule shangazi wa mkekani alimjia kila alipotaka kukaa.

Mwishowe alikwenda Mbeya kwa mama yake. Alikuwa amevuta ya kahawia bila kuruka, na huko, mbali na mbao, kifua kilimfunguka mpaka akashangaa. Alipanda hadi sokoni akiongea njia nzima. Aliporudi Igowole, kabla jua halijazama siku ya pili, mkono wake ulikuwa mfukoni unatafuta bluu.

Shedrack alimwona. Alikuwa ameumia kwa ile safari, akiamini mke amemkimbia yeye. Alisimama na ubao begani, vumbi limemjaa kwenye nyusi, akamtazama anavyovuta, kisha akajitazama mikono.

"Kumbe ni hapa hapa," alisema.

Juma lile aliomba nafasi barabarani kwa wapasua mbao wenzake, akahamisha mashine, akapiga fito chumba cha cherehani akakisiriba upya. Sasa akirudi jioni anakung'uta nguo nje na kuoga kabla hajaingia. Bado analalamika kwamba huko barabarani kuna wezi wa misumari.

Kwa Rozalia mambo yalikwenda kwa hatua fupi. Siku moja alitoka jikoni na sahani ya ugali na maharage, akaiweka kwenye meza ya kukatia vitambaa. "Jiko langu halihami," alisema. "Lakini chakula kina miguu." Tangu hapo humletea, na wakati mwingine hukaa naye. Hasikilizi tena dirishani. Humwita tu kwa jina kutoka mbali, na kama Tusajigwe akijibu kwa sentensi nzima, anaendelea na safari yake.

Hakupona, kwa maana ya kupona. Akiwa kwao mwezi wa sita, baridi ya Uyole humshika kuliko ya Igowole. Mwezi wa tisa majivu yakianza kushuka, yeye hufunga mzigo na kwenda Mbeya mpaka mvua zinyeshe. Kuna wanaosema ameachika. Mwaka huu Shedrack alimsindikiza hadi barabarani, amembebea kichwa cha cherehani begani kwa sababu kazi za kwaya zilikuwa hazijaisha.

"Utakaa?" alimuuliza.

"Nitashona," Tusajigwe alisema, huku akizunguka mizigo, akikaza kamba iliyokwisha kazwa.