Waya wa Breki Ulikuwa Wangu

Ulikuwa mwaka ule wa njaa, wa unga wa njano wa msaada. Kama ulikula ugali ule, rafiki yangu, huhitaji nikutajie tarehe. Ulinuka gunia, na kuku wetu wenyewe waliutazama kwanza ndipo wakadonoa. Tuliushushia kwa majani ya maboga, na siku ya bahati mama alikaanga kumbikumbi, nyumba nzima ikanukia.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya kitabu. Mjukuu wangu, mwalimu pale Songea mjini, aliniletea kitabu cha maisha ya yule mpiga gitaa wa roki anayejulikana nchi nzima. Kwenu ninyi ni mtu wa redioni. Kwangu ni mvulana wa kwetu Maposeni, mwenye vidonda magotini. Nyimbo zake nimezipalilia mahindi, nimezinyonyeshea watoto wote. Niliishia darasa la nne, nasoma kwa kidole, lakini kitabu kile nilikimeza. Sufuria mbili za maharage ziliungua.

Nikafika pale anapoeleza gitaa lake la kwanza. Alilitengeneza kwa galoni la mafuta na kipande cha ubao, akakosa nyuzi. Halafu anaandika kwamba binti wa katekista alimletea waya wa breki ya baiskeli, na kwamba bila mkono ule asingekuwa mwanamuziki. Nikarudisha kidole nyuma. Nikasoma tena. Binti wa katekista!

Sikiliza nikwambie. Waya ule niliuchomoa mimi, mwaka huohuo wa unga wa njano, kwenye baiskeli ya baba yangu. Nilikuwa nimemsikia yule mvulana kisimani akilalamika kwamba uzi wa katani unalia kama mbuzi mwenye kikohozi. Nikaufunga waya kwenye pindo la khanga. Kabla sijampelekea, nikavunja ungo. Enzi zile mwali aliwekwa ndani, asionwe na mwanamume yeyote. Bibi yangu alikaa mlangoni na kigoda chake, akinifundisha kuketi, kunyamaza na kuheshimu watu. "Ukichungulia tu," aliniambia, "nakutia pilipili hayo macho."

Aliyeruhusiwa kuingia ni shoga yangu, huyo binti wa katekista, aliyeniletea maji ya kuoga. Nikampa waya nikamwambia, "Mpelekee. Mwambie ni mimi."

Jioni nikasikia kupitia ukuta wa udongo: ting, ting, kisha wimbo mzima. Nje watoto wanashangilia. Mimi niko ndani nimepakwa mafuta, hata makofi siwezi kupiga. Kesho yake baba aliteremka mlima bila breki, akaishia kwenye matuta ya viazi ya katekista mwenyewe. Alirudi na matope mpaka masikioni.

Binti wa katekista leo ni jirani yangu, bibi kama mimi. Habari za kitabu zilimfikia kabla sijafika nusu yake. Akaanza kutembea kama amebeba mtungi kichwani. Tukikutana kusali jumuiya, wanawake wanampisha kiti. Wivu ulinikaba, sitaki kukudanganya. Hata mahindi yake niliyaona yamenenepa kuliko yangu kwa sababu ya waya wangu.

Siku moja akaja kwangu. Nikampa chai bila sukari, na sukari ninayo.

"Ulimwambia ni mimi?" nikamuuliza.

Akatazama kikombe. "Mwenzangu, nilitaka kusema. Akaniangalia vile, akacheka, akasema asante. Nikanyamaza. Nilikuwa mtoto."

"Na sasa? Bado hujakua?"

"Jumamosi anakuja mjini kukisoma kitabu chake ukumbini. Twende wote. Nitasimama mbele za watu niseme waya ulikuwa wako."

"Siendi. Kama ananitaka, aje."

Mjukuu wangu, aliyekuja kunisalimia siku hiyo, akadakia, "Bibi jamani, atakujaje, na hajui kama upo?"

"Atajua mwenyewe."

"Una wivu wewe, kama mke mwenza!"

"Ninao," nikamjibu. "Tena ni wa tangu mama yako hajazaliwa."

Lakini nisimame ukumbini nigombee asante, kama watoto wanaogombea paja la kuku? Asante ya kuomba haina ladha.

Nyumba ile ya udongo ilishabomoka. Bibi yangu yuko makaburini, na kigoda chake sijui nani alikichoma kuni. Wasichana siku hizi wanavunja ungo Jumapili, Jumatatu wako darasani, na ni vizuri, mjukuu wangu nisingemfungia. Ila muziki sasa kila mtu anao sikioni mwake peke yake. Sisi kijiji kizima tulikuwa na gitaa moja, na kila aliyelisikia alijua ni nani anayepiga. Aliyetoa nyuzi, tumebaki wawili tunaomjua.

Jumamosi asubuhi bodaboda ikapiga honi uani. Jirani yangu alisimama mlangoni na kitenge kipya, hakutaka kuketi. "Mwenzangu, ni leo tu. Naye kazeeka kama sisi. Huku harudi tena."

Nilijua harudi. Nilikuwa nimeshaoga, miguu nimeipaka mafuta, na moyo ulishatangulia kupanda ile bodaboda.

"Siendi. Kama ananitaka, aje."