Betri za Kigari cha Mama

Kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo alimtumia mama kigari. Nakiita kigari kwa sababu hatukuwahi kukipatia jina lingine. Kilikuwa kiti chenye magurudumu manne madogo, mikono ya kuongozea kama ya baiskeli, kikapu mbele, na mota ya umeme chini ya makalio. Kaka alisema kwenye simu kwamba huko aliko wazee wanakiendesha kwenda dukani na hakuna anayegeuka kuwatazama. Kilifika Kitale ndani ya sanduku la mbao, kimezungushiwa mablanketi na suti ambazo hakuna mwanamume wa ukoo wetu aliyekuwa na mabega ya kuzijaza.

Mama alikuwa amepita miaka sabini na magoti yalikuwa yamemkatalia kazi. Shamba letu liko nje kidogo ya Kachibora. Yeye na marehemu baba walilinunua walipohamia Trans-Nzoia kutoka Murang'a, mimi nikiwa mgongoni. Kwa miaka mingi aliuza vitunguu na kabichi sokoni, na kanisani alikuwa mmoja wa wale wanaofika kabla ya mwenye ufunguo. Sasa ulikuwa mwaka wa pili hajaliona soko. Alikaa kwenye kiti nje ya mlango na kumsimamisha kila mpita njia amwulize nyanya zimefika bei gani na kama yule mama wa ndizi amejifungua.

Mimi nilikuwa nafundisha kemia katika shule moja ya upili pale Bungoma. Likizo ya Agosti nilikuja nyumbani, tukalifungua lile sanduku, nikamkalisha mama kitini, nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena.

"Mami," mama aliniita. Aliniita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Hii ngari ni ya kutembea ama ni ya kuangalia?"

Nikafungua kifuniko. Betri mbili nyeusi zilikuwa zimekufa kwa zile wiki nyingi za safari ya meli, na ubavu wa moja ulikuwa umetuna.

"Imevimba kama goti langu," mama alisema, akacheka mpaka kilemba kikamwangukia machoni.

Kaka alisema ninunue tu zingine kama hizo. Nilizunguka Kitale siku nzima. Zilikuwa betri zilizozibwa kila upande, hazina vizibo vya kutilia maji, na wauza vipuri walinirudishia mkononi wakiniuliza kama ni za mashine ya hospitali. Niliporudi jioni nikiwa mikono mitupu, nilimwahidi mama kwamba kabla ya Krismasi atakuwa ameendesha. Nilijiambia, mwalimu wa kemia mzima, niliyewafundisha watoto wa watu betri miaka kumi na miwili, nishindwe na kigari?

Bungoma nilimjua fundi mmoja wa betri. Kibanda chake kilikuwa karibu na njia yangu ya kwenda shuleni, na watu wa hadi Myanga walimletea betri za gari azichaji ili watazame televisheni, maana stima haikuwa imefika kwao. Alikuwa mtu mzima wa makamo, mzee wa kanisa, na suruali zake zote zilikuwa na matundu madogo mapajani kwa sababu ya asidi. Alipozungumza, kila l iligeuka r bila kumwomba ruhusa.

"Mwarimu, hiyo si kazi," aliniambia nilipomweleza. "Reta betri mbiri za gari, tunaunganisha, mama yako shosho anaenda. Risasi na asidi bana, hata babu yangu arijua hiyo."

Risasi na asidi ndiyo niliyoifundisha kidato cha tatu: sahani za metali ya risasi zikiogelea ndani ya maji makali. Tukapata betri mbili. Fundi hakuniamini na nyaya, akaja mwenyewe Kachibora Jumamosi, amevaa koti la kanisani juu ya suruali ya kazi. Betri hazikutoshea chini ya kiti, akazifunga nyuma kwa vipande vya mpira wa tairi.

Kigari kikanguruma kidogo, kikaenda! Mama alipiga kigelegele akiwa ameshikilia kwa mikono miwili. Alivuka ua, akapita zizi la ng'ombe, kuku wakatawanyika, akafika kwenye kile kilima kidogo cha kutokea barabarani. Hapo uzito wa betri ukakivuta kigari nyuma, magurudumu ya mbele yakanyanyuka hewani, na mama akabaki akitazama mawingu.

"Yesu wangu!" alisema, lakini hakuachilia.

Tulimdaka mimi upande huu, fundi upande ule. Hakuumia. Tulidhani yamekwisha, hadi gauni lake la kitenge lilipofuliwa Jumatatu na kuanikwa. Nyuma yote ilikuwa na matundu kama chungio la chai. Asidi ilikuwa imemwagika kupitia vizibo kigari kilipoinuka.

"Sasa mimi na fundi tumekuwa wa kanisa moja," mama alisema akilitazama. Kicheko chake kilinitia aibu zaidi kuliko kama angenigombeza. Lile lilikuwa gauni alilonunua kwa ajili ya harusi yangu.

Niliporudi Bungoma, nilimwambia fundi kwamba risasi ni nzito mno na asidi ni adui. Tutafute kitu chepesi. Alikuna kidevu, kisha akatoa chini ya meza katoni ya betri za zile redio za mkononi wanazotumia walinzi. Hizo ni za nikeli na kadimi, kavu, hazimwagi kitu. Nilimwonya asizifungue hata moja kwa sababu kadimi ni sumu, naye akanawa mikono papo hapo ingawa zilikuwa zimefungwa.

Tulizipanga tukazifunga pamoja hadi zikafikia nguvu iliyotakiwa. Kila seli ya nikeli ina nguvu ndogo kuliko ya risasi, kwa hiyo unahitaji nyingi. Mwezi wa Oktoba nikazipeleka Kachibora. Kigari kilikuwa chepesi kama baiskeli ya mtoto, na mama akapanda kilima akiimba. Kisha akafika barabarani, wimbo ukamwishia mdomoni. Nguvu zilikuwa zimekwisha. Nilimsukuma kurudi, naye akinielekeza kukwepa mashimo kana kwamba sikuyaona.

Tukachaji tena, zikafika nusu tu ya pale. Nikamweleza mama jinsi betri za namna hiyo zilivyo: ukizichaji mara nyingi kabla hazijaisha, zinazoea kufanya kazi kidogo, kama vile zinakumbuka pale zilipoachia jana na kukataa kwenda mbele zaidi. Walinzi walikuwa wakizichaji kila asubuhi, ziwe zimeisha au la.

Mama alifikiri. "Kwa hivyo zimefunzwa uvivu."

"Ndiyo."

"Na wewe ni mwalimu. Si uzifunze kazi?"

Nilijaribu kweli. Kwa wiki mbili nilizimaliza kabisa kwa kuwasha balbu na kuzijaza upya, juu ya meza ya maabara, wanafunzi wakinichungulia dirishani. Ziliongezeka nguvu kidogo, lakini zilikuwa ndogo tangu zizaliwe, na uzito wa mtu mzima ni uzito wa mtu mzima.

Wakati huo simu za mkononi zilikuwa zimeingia kila nyumba, na betri zake zilizochoka zilijaa ndoo nzima pale kwa fundi. Hizi zilikuwa za lithiamu, na mimi nilizipenda. Lithiamu ndiyo metali nyepesi kuliko zote, na seli moja ya aina hiyo hushinda seli tatu za nikeli kwa nguvu. Fundi alikuwa na hamu kunishinda.

"Mwarimu, utakumbuka siku moja," aliniambia. "Magari yote yatatembea na hizi. Si ya shosho peke yake."

"Magari makubwa na betri ya simu?"

"Si kubwa ni ndogo zikiwa nyingi?"

Nilimcheka. Sasa ninaposoma habari za magari ya umeme namkumbuka na kujiona mjinga.

Tulichagua sabini zilizoonekana nzima, tukaziunganisha saba kwa saba, safu kumi. Nilisisitiza tusimpelekee mama kabla ya kuzijaribu, kwa sababu niliwahi kusoma kwamba lithiamu haivumilii kuzidishiwa chaji. Betri ya risasi ukiizidishia inachemka na kukulalamikia kwa mapovu mapema. Ya lithiamu inanyamaza, kisha inakasirika yote kwa pamoja. Tukaziweka kwenye karai lenye mchanga nyuma ya kibanda, tukaunganisha chaja, tukakaa kando tunakunywa chai.

Shida ilikuwa kwamba zilikuwa za umri tofauti. Zile dhaifu zilijaa mapema na chaja ikaendelea kuzishindilia kwa sababu nzuri bado zilikuwa na njaa. Nilikuwa na kipande cha mandazi mdomoni nilipoona betri moja imefura kama andazi lenyewe.

"Chomoa!" nikapiga kelele.

Fundi alichomoa waya kwa fimbo, nami nikamwaga mchanga. Moshi mweupe wenye harufu kali ulitoka, mama muuza samaki wa omena wa kibanda cha pili akakusanya bidhaa zake na kukimbia na meza. Hakuna aliyeumia wala kilichoungua, ila fundi alizielekezea ile fimbo.

"Hizi zinataka mrinzi," alisema. "Kila moja iwe na mtu wa kuiangaria."

Alikuwa amesema kweli tupu. Siku hizi kila betri kubwa ya lithiamu ina kidude cha kuchunga kila seli isizidi wala isipungue. Sisi hatukuwa nacho, tulikuwa na karai la mchanga.

Novemba ikawa inaisha. Jumapili mama alinipigia simu, hakuuliza habari za kigari hata kidogo. Aliniuliza habari za wanangu, za mvua, za mtihani wa kidato cha nne. Nilipokata simu nililia jikoni, nikikatakata sukuma wiki, maana nilijua anavumilia kwa ajili yangu. Miezi minne nilikuwa nimejifurahisha na maarifa yangu huku yeye amekaa pale pale mlangoni.

Kesho yake fundi alikuja mpaka shuleni, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Alinisubiri langoni akiwa na koti la kanisani. Alikuwa ameona duka jipya pale mjini linalouza vifaa vya sola, na ndani yake betri nyeusi, zilizozibwa, hazina vizibo. Twende nikaone.

Zilikuwa zenyewe. Ukubwa ule ule, nguvu ile ile. Nilisoma maandishi ya ubavuni mara mbili, kisha nikaketi juu ya gunia la nyaya nikacheka peke yangu. Ilikuwa risasi na asidi. Tofauti ni kwamba asidi imegandishwa ikawa kama uji mzito, haimwagiki hata ukiigeuza juu chini, na sahani zake ni nene, za kutoa nguvu polepole kwa saa nyingi. Ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi mara moja, kuwasha injini, kisha ipumzike. Mimi nilikuwa nimeihukumu risasi yote kwa makosa ya betri moja.

Nilizipeleka Kachibora mkoba ukinikata bega. Zilitoshea chini ya kiti kama mkono mfukoni. Nilipomweleza mama zilivyotengenezwa, alinitazama kwa huruma.

"Kwa hivyo ni ile ile ya kwanza?"

"Ni ile ile, mama. Lakini imetulia."

"Haya. Hata wewe umetulia." Akapanda, akakizungusha kigari ua mzima mara tatu, akapanda kilima na kushuka. Nilimfundisha kuchaji kila jioni na kutokiacha kiishe kabisa, kwa sababu risasi, tofauti na nikeli, haipendi kulala na njaa. Siku iliyofuata nikarudi Bungoma kusahihisha mitihani.

Jumamosi ya pili nilirudi kumwangalia. Nikakuta mlango umefungwa kwa komeo, kiti chake mlangoni kitupu, kigari hakipo. Niliita. Nikazunguka zizi. Nikamwona akilini yuko mtaroni, magurudumu juu. Nikavua viatu vya kisigino nikashika njia ya Kachibora, nikifuata alama nne nyembamba kwenye vumbi.

Nilimkuta sokoni. Alikuwa ameegesha kigari katikati ya wauza nyanya, wanawake wamemzunguka, mtoto mchanga wa yule mama wa ndizi amelala mapajani mwake. Kikapu kilikuwa na kabichi mbili na fungu la dhania. Alikuwa akimweleza mtu, kwa sauti ya mwenye shule yake, kwamba kuna betri za aina nyingi, kuna zile za kumwaga, kuna za uvivu, kuna za hasira, na hii yake ni ya adabu.

Aliponiona, nimeshika viatu mkononi na natweta, alishangaa.

"Umekuja mbio hivyo, kwani ni nini kimetokea?"

"Nilikuwa nakutafuta, mama."

"Unanitafuta? Mimi si niko sokoni."

Alimrudisha mtoto kwa mama yake, akawaaga mmoja mmoja, na hilo likachukua karibu saa nzima. Kisha akaniambia niweke viatu vyangu kwenye kikapu juu ya kabichi. Tukaanza kurudi, yeye akiendesha, mimi nikitembea kando yake pekupeku. Kila nilipobaki nyuma, alipunguza mwendo na kunisubiri.