Jagi la Maji ya Kunawa

Sikuanza karate kwa nia njema. Nilitaka kujua kupiga vizuri zaidi, na ninalisema hili mapema ili msomaji asije akaniona mtakatifu.

Kwetu ni kijijini, upande wa Butiama. Msimu mmoja wa kulima, mdogo wangu alichelewa kuleta ng'ombe wa plau, jua likatukuta hatujafungua hata mfereji mmoja. Nilimpiga kwa mpini wa kiboko. Alipoanguka sikuacha. Wanawake wa shamba la jirani ndio waliokuja kuniondoa juu yake, na yeye akabaki anatema meno mawili kwenye udongo. Akahamia kwa mjomba wetu na hakunisemesha tena. Hasira hasara, tunasema, lakini hasara ile nilimtwisha yeye.

Baadaye nikahamia Musoma, nikajenga mtaa wa Bweri, nikapata kazi ya kuchomelea mageti. Hasira nilihama nayo. Ndipo fundi mwenzangu akaniambia kuna mtu Bunda, kule Nyasura, anafundisha karate Jumapili jioni katika ghala la pamba lisilotumika. Nikapanda basi.

Mwalimu alikuwa fundi cherehani, mfupi, mpole hadi anaudhi. Kanuni yake ilikuwa moja: ngumi isimame kabla haijagusa uso wa mwenzako. Aliyegusa aliketi sakafuni, akashika taulo la aliyemgusa hadi mwisho wa mazoezi. Miezi yangu ya kwanza niliimaliza sakafuni. Vijana waliniita "kabati la taulo." Mama yangu naye, mzee wa kanisa, aliposikia kwamba tunainamiana kabla ya kuanza, aliniuliza kama siku hizi ninaabudu watu.

Nilikwenda miaka tisa. Mgongo ulioumizwa na kuinamia vyuma ulinyooka. Nilianza kulala. Nilijifunza kuisikia hasira ikipanda kutoka tumboni, na kuivutia pumzi kabla haijafika mikononi. Jioni moja mke wangu alinitazama ninavua viatu, akasema, "Baba, umeona? Watoto siku hizi hawakimbiagi ukifungua geti."

Sikuwa nimejua kwamba walikuwa wanakimbia. Nilitoka nje nikasimama ukutani, nikalia.

Mwaka juzi baba alifariki. Tulimzika nyumbani, na siku ya tatu ukoo ukaketi kusikiliza mwenye dai. Mdogo wangu alikuwepo. Alisimama mbele ya wajomba na mashangazi akasema yote: mpini, meno, na kwamba baba alikufa akiwa na watoto wawili wasiosalimiana kwa sababu ya mnyama mmoja aliyejiita kaka. Alisema kwa sauti kubwa, kidole chake kikiwa karibu na pua yangu. Wanaume wawili walisogea nyuma yangu, tayari kunishika.

Hawakuhitajika. Nilivuta pumzi nikasema, "Ni kweli, mdogo wangu. Nilikukosea. Naomba unisamehe." Shangazi akapiga kigelegele kidogo, msibani. Mjomba akasema, "Huyu siyo yule tuliyekuwaga naye. Hiyo karate imemfunza mtu." Nakiri nilivimba kichwa. Nikaona miaka tisa ya nauli imezaa matunda mbele ya mashahidi.

Chakula kikaletwa. Kwetu mdogo ndiye humnawisha mkubwa. Nikaona nifanye kinyume, wote waone, na yeye aone, kwamba ninajishusha. Nikachukua jagi na beseni kwa binti aliyekuwa anazungusha, nikaenda moja kwa moja hadi alipoketi mdogo wangu. Alikuwa anaongea na jirani yake, hajaniona. Nikainua jagi.

Alipogeuka na kuukuta mkono wangu juu, alijikunja. Mtu mzima, mwenye mvi kidevuni, baba wa watoto wanne, alijikunja kwenye kiti na kufunika kichwa kwa mikono yote miwili, na sauti ikamtoka ambayo mara ya mwisho niliisikia shambani.

Watoto wake walikuwa wameketi kwenye mkeka pale pale, wanamtazama.

Nilishusha jagi chini polepole, nikarudi nyuma hatua mbili. Yeye alishusha mikono, akajifuta uso uliokuwa mkavu, akasema bila kunitazama, "Liache hapo, kaka. Nitanawa mwenyewe."

Nilirudi kwenye kiti changu nikaketi na ugali mbele yangu. Amani ile niliyoitafuta Bunda nilikuwa nimeipata kweli. Nilikuwa nayo hata wakati ule, mikono yangu imetulia kabisa magotini. Yeye hakuna aliyempa. Miaka yote hiyo alikuwa bado amelala shambani, ananingoja nimalize kumpiga.