Kamba Iliyolowa

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kamba ya katani yenye kipande kizito cha risasi mwishoni. Mimi Mhangaza nilitoka kwetu Mabawe, Ngara, kwenye migomba, na ziwa nililiona kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo. Serikali ilikuwa inajenga gati jipya la meli za mizigo, nasi wapima kina tulitakiwa kuonyesha mahali pa kulijenga. Mpima Mkuu akanicheka: "Mhangaza na ziwa, wapi na wapi?" Nikajisemea moyoni, utaniona.

Kazi yenyewe, vijana, ilikuwa hivi. Unafunga alama kwenye kamba kila mita moja, unaishusha hadi risasi iguse chini, unasoma. Chini ya risasi tulipaka grisi ili ipande na tope au mchanga, tujue nguzo zitasimama juu ya nini.

Nilipima wiki tatu. Ramani ikachorwa, Mhandisi Mkazi akapanga kuanza kuzamisha nguzo Jumatatu. Ijumaa, kamba ikiwa bado inachuruzika maji, nikailinganisha na futikamba. Mama yangu! Kila mita ilikuwa imepungua. Katani ikilowa hufupika, nami nilifunga alama ikiwa kavu. Kwa hiyo kina nilichoandika kilizidi kina chenyewe. Meli iliyojaa ingekwama mbele ya gati, na fedha za wananchi zingepotea bure.

Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio kazini. Kibarua kingeota nyasi. Niliogopa sana, ila nikaenda.

"Shikamoo, Mhandisi."

"Marahaba. Mbona umenywea?"

"Vipimo vyangu si sahihi. Nimekosea mimi."

Akafunga mlango. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Si ungenyamaza tu?"

"Meli isingenyamaza, mzee."

Akakunja ramani. "Jumatatu hakuna nguzo. Loweka kamba, funga alama upya, upime tena." Mpima Mkuu mwenyewe alishika kasia la mtumbwi, mimi nikapima upya. Gati likasogezwa mbele, kwenye maji ya kutosha.

Meli ya kwanza ilipofunga gatini ikiwa imejaa saruji, Mpima Mkuu aliniita mbele ya watu: "Mhangaza wa ziwani!" Niliringa wiki nzima, sifichi.

Sasa nimestaafu, nalima Kasulo, hukohuko Ngara. Kamba ninayo. Mke wangu aliitaka aanikie nguo, nikakataa katakata. Juzi mpimaji wa siku hizi, binti anayepima kwa mashine, alinipigia simu: serikali inapanua bandari yetu, gati linarefushwa.

"Na nguzo zetu?" nikauliza.

"Hatuzigusi, mzee. Tunaanzia hapo."

Nililia, jamani. Nililia kwa furaha.