Nyeupe ya Chumba cha Mama

Jumamosi, tarehe 14 Desemba. Ukungu tangu alfajiri, na manyunyu ya kukatika-katika. Naandika mambo yalivyokwenda kabla hasira haijaniharibia kumbukumbu.

Mdogo wangu, kitindamimba wetu, alipiga simu mwezi uliopita kutoka Dar. Alisema Krismasi watu wote watapanda nyumbani, na chumba cha Mama kimekuwa cheusi kwa moshi. "Kipake cheupe, dada. Macho ya Mama yamefifia, apate mwanga." Nina hakika alisema apate. Karibu hakika, mtandao huku juu hukatika.

Nilishuka Moshi. Dukani nyeupe zilikuwa za aina nne, na pale juani zote nikaziona moja. Nikamwomba muuzaji anipakie kila moja kwenye kipande cha boksi, nikapanda navyo, nikavisimamisha kwenye dirisha la Mama. Migomba imesogea hadi pale, kwa hiyo mwanga unaoingia ni wa kijani. Nyeupe pee ilifanana na uso wa mtu anayeumwa. Iliyokaa vizuri ni yenye umaziwa kidogo. Mama naye akachagua hiyo hiyo, labda kwa kunifurahisha.

Kwa sababu ya harufu nikamhamishia kwangu, kwenye nyumba ndogo ya pembeni niliyopewa niliporudi kutoka kwenye ndoa. Siku tatu tu, nikamwambia. Nikapaka mwenyewe: msasa, rangi ya mafuta kwanza ili masizi yasitokeze tena, kisha rangi ya maji mara mbili. Ilikauka juzi.

Mdogo wangu alifika jana. Leo asubuhi kaingia mle na mwanamume anayeleta watalii wa mlima, wakapiga picha kuta. Yule bwana akasifu nyeupe yangu, akauliza chumba kitaanza lini kupokea wageni. Mdogo wangu akajibu Januari.

Nikamvuta pembeni, nikamuuliza Mama atalala wapi.

"Si unaye huko? Umemhamisha mwenyewe, dada. Mimi sikumgusa."

Kusema haki, bati la nyumba kubwa kanunua yeye, na dawa za Mama hazijawahi kukosekana. Lakini kwetu kitindamimba huachiwa nyumba pamoja na mama aliye ndani yake, si kuta peke yake. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema hayo ni mambo ya wazee, tena kwangu kuna joto zaidi. Huenda ni kweli. Ila angeniambia ni chumba cha watalii, bado ningempakia. Alipitia kwenye macho ya Mama kwa kuwa alijua hapo siwezi kukataa.

Jioni tumekaa kwangu, Mama akauliza kama rangi imekauka. Mdogo wangu akainamia simu yake.

"Imekauka, Mama," nikasema. "Mwanao atakueleza."

Alieleza kwa upole, sitamsingizia. Mimi nilikuwa nasubiri Mama akatae. Nilishaanza hata kukunja blanketi lake.

"Sawa, baba," akamwambia. "Nyumba ni yako."

Mimi hakuniuliza kitu. Nikalikunjua blanketi, nikalirudisha kitandani kwangu.

Tulikula kiburu, ndizi na maharage, kilichoshika chini kwa sababu nilikisahau jikoni. Mama akaninong'oneza nimpakulie mdogo wangu cha juu, kisichoungua. Nikampakulia.