Walikata Migomba Bibi Akiwa Isongole

Harufu ya mgomba uliokatwa hunikaza taya. Si harufu mbaya. Ina ubichi wa maji ya mvua na uchachu kidogo, na watu wengi wa kwetu Rungwe huipita kila siku bila kuigeuzia pua. Mimi nikiinusa, hata nikiwa sokoni Tukuyu na haraka zangu, nawaona wanaume wanne wenye mapanga, na baba yangu mdogo amesimama kwenye tope na viatu vyake vya mjini, anacheka. Nawasimulia ninyi kwa sababu nyumbani kwetu jambo hili halisimuliwi. Likianza tu, mtu hukumbuka kwamba ng'ombe hajanyweshwa.

Tuliishi Kinyala, mimi na mdogo wangu Lusekelo, kwa Bibi mzaa baba. Baba alikufa nikiwa na miaka sita. Mama akaolewa tena Kyela, na wazee wakaamua watoto wabaki upande wa baba. Bibi alikuja kutuchukua siku ya mvua, akatufunika wote wawili kwa khanga moja na kusema, "Twendeni upesi, nimeacha maziwa jikoni," kana kwamba tulikuwa tumechelewa tu kurudi kwetu.

Nyumba yake ilizungukwa na migomba, hata mgeni aliona moshi kabla hajaona bati. Shamba lilikuwa na sehemu mbili. Migomba ya juu ilianzia nyuma ya zizi hadi barabarani, na migomba ya chini iliteremka kuelekea mtoni, mahali penye mteremko mkali na mawe. Ya juu ndiyo aliyoipenda. Aliipanda yeye na babu mwaka walipooana, na aliijua mmoja mmoja kama mwalimu anavyojua darasa lake. Alikuwa na mizuzu, alikuwa na ndizi sukari, na ndizi za kupika za aina nyingi ambazo majina yake, nilikuja kugundua baadaye, nusu aliyatunga mwenyewe. Mgomba mmoja uliokuwa ukiegemea ukuta wa nyumba mwaka hadi mwaka bila kuzaa aliuita Shemeji.

Alfajiri Bibi alimkamua ng'ombe, Lusekelo akisubiri pembeni na kikombe cha povu lake. Mimi nilipeleka maziwa barabarani kabla ya kwenda shule. Jioni tulikaa watatu jikoni tukimenya ndizi, mikono tumeipaka mafuta ili utomvu usigande. Bibi alitufundisha kumenya taratibu. "Utomvu ni kama neno baya," alisema, "ukishadondoka kwenye nguo, umedondoka." Kiswahili chake hakikuwa na herufi r hata moja. Lusekelo alipomcheka kwa kusema "habali", alimjibu, "Haya, wewe chukua Kiswahili chako cha shule, mimi nichukue ndizi. Tuone nani atalala na njaa."

Baba mdogo Ambokile alikuwa kitindamimba wa Bibi. Aliishi Mbeya mjini, na alikuja kila baada ya miezi michache na mkate wa mjini na maneno mengi. Miaka ile kila mtu alikuwa ameanza kuzungumza habari za maparachichi ya kusafirishwa nje, na baba mdogo alizungumza kuliko wote. Alitembea kwenye migomba ya juu akihesabu hatua, akasema pale panafaa, pana jua na pako karibu na barabara. Bibi alimsikiliza huku anachambua maharage.

"Subili kwanza, mwanangu," akamwambia. "Palachichi mpaka lizae ni miaka. Hawa watoto watakula nini?"

Baba mdogo alicheka, akasema mama anapenda kufikiria vitu vidogo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja wakati dada yake Bibi alipoanguka huko Isongole akavunjika mguu. Bibi alipanda bodaboda, amekaa upande, amemkumbatia kuku wa kumpelekea mgonjwa. Kabla hajaondoka aliniita. "Atupele, mwana gwangu, nitaludi siku ya tatu. Wewe ndiye mwenye nyumba." Nilijisikia mkubwa. Siku hiyo nilimfokea Lusekelo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Siku ya pili asubuhi baba mdogo alifika na wale wanaume wanne. "Bibi yako amekubali," aliniambia. "Tumeongea kwa simu jana. Nionyeshe mpaka wa kwetu na kwa jirani uko wapi." Nikamwonyesha. Nilitembea mbele yao kabisa, mtoto mwenye nyumba, nikawaonyesha mwanzo na mwisho.

Migomba haina ugumu. Panga likipita mara moja, mgomba huinama polepole, kisha huanguka na sauti ya maji. Waliianza kule barabarani wakaja kuelekea nyumbani. Mikungu michanga ilianguka na mashina yake. Karibu na adhuhuri walifika kwa Shemeji, na mmoja wao akauangusha huku akipiga mluzi. Ndipo nilipokumbuka simu ya Bibi. Niliingia ndani, nikafungua kabati, nikaikuta palepale alipoiweka, imezimika, haina chaji tangu wiki iliyopita. Nilitoka nayo mkononi.

"Baba mdogo, simu ya Bibi hii hapa."

Aliiangalia, akaniangalia mimi. "Alitumia ya mtu wa Isongole," akasema. "Hebu kawachemshie hawa watu chai, wamechoka."

Nami nikachemsha chai. Nilitia maziwa na tangawizi, nikawapelekea na magimbi. Nilijua ananidanganya, na nikawapelekea magimbi. Ndugu zangu, katika yote ya siku ile hili ndilo linaloniamsha hasira kuliko lingine. Kumwogopa mtu mzima lilikuwa jambo tulilofunzwa vizuri mno.

Bibi alirudi kesho yake jioni. Aliposhuka kwenye bodaboda barabarani aliiona nyumba yake yote, bati, zizi na choo, vimekaa wazi kama mtu aliyevuliwa nguo. Alisimama kwa muda mrefu, hata kijana wa bodaboda akamuuliza kama anaumwa. Kisha akapita katikati ya mashina, akaja hadi mlangoni nilipokuwa.

"Mmekula?" akauliza.

Nilimweleza yote kwa mkupuo mmoja, nikilia. Hakunipiga wala hakunibembeleza. Alichukua panga, akaanza kukatakata mashina ya kumlisha ng'ombe.

Jumapili iliyofuata aliita kikao. Walikuja wanaume saba wa ukoo, na baba mdogo miongoni mwao. Bibi alichinja kuku wawili. Alikuwa amemwalika pia Mzee Saidi, mwenye duka pale njia panda, ambaye baba yake alitoka pwani zamani akiuza vitambaa akabaki huku milimani. Kaka yake babu, mkubwa wa ukoo, aliuliza huyu Mwislamu anahusika vipi na mambo ya ukoo wetu.

"Hahusiki," Bibi akasema. "Ndiyo maana nimemwita."

Wanaume walikaa kwenye mabenchi, Bibi akakaa mkekani. Mkubwa wa ukoo alisema shamba ni la marehemu babu, na la marehemu ni la wanawe. Alisema mama ni mama na anaheshimiwa, lakini mama hana shamba. Baba mdogo alisema yeye hakufanya kwa ubaya, aliharakisha tu maendeleo. Na Bibi, aliyeipanda migomba ile kwa mikono yake, aliinamisha kichwa akasema, "Ndiyo, baba. Ndivyo ilivyo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa. Sijui nguvu nilizozikosa siku ya chai nilizipata wapi siku ile. "Ni mwongo," nikasema. "Alisema wameongea kwa simu, na simu ilikuwa kabatini. Ni mwongo huyu."

Bibi aliinuka mkekani haraka kuliko nilivyowahi kumwona akiinuka. Akanishika sikio mbele ya wanaume wote, akanivuta hadi nje. "Nenda mtoni ukachote maji," akasema, na sauti yake ilikuwa ngeni kwangu. "Usiludi mpaka nikuite."

Pipa lilikuwa limejaa. Nilichukua ndoo, nikashuka mtoni, nikakaa juu ya jiwe. Aliniita jua likielekea kuzama. Nilipopanda niliwakuta wanakula, na Bibi anampakulia baba mdogo kwa mkono wake mwenyewe. Alimwekea paja la kuku.

Sikumsamehe. Nasema wazi, sikumsamehe Bibi, si baba mdogo. Baba mdogo nilishamweka mahali pake. Lakini yule mwanamke aliyenivuta sikio kwa kusema kweli, kisha akampa paja aliyemharibia, nilimnyima sauti yangu. Nilimjibu aliponiuliza, basi. Sikuimba tena jikoni. Nilipokwenda sekondari ya bweni alinitumia ndizi sukari kwa bodaboda, zimefungwa vizuri kwenye majani, nami niliwagawia wenzangu zote bila kuonja hata moja. Likizo nilimsaidia kazi zote, nimefunga mdomo, na nilifurahi nilipoona ameumia.

Nilikuwa chuo cha ualimu, mwaka wa kwanza, nilipofyatuka. Maparachichi ya juu yalikuwa yameshaanza kuzaa, na siku hiyo gari la kuyabeba lilikuwa limesimama barabarani. Tulikuwa tunakamua ng'ombe, mimi na Bibi. Nikasema bila kumwangalia, "Ulimwachia tu. Mimi nilisema kweli ukanifukuza, yeye ukampa nyama."

Bibi alimaliza kukamua. Akaifunika ndoo, akanawa, akaingia ndani. Alirudi na karatasi iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, akanipa.

Ulikuwa mwandiko wa Mzee Saidi, umenyooka kama wa kitabuni. Ulisema kwamba shamba kuanzia zizi hadi mtoni, pamoja na nyumba, ni mali ya Atupele na Lusekelo, walioachwa na marehemu baba yao, na kwamba hakuna mwana ukoo atakayewatoa. Chini yake ilikuwepo saini ya baba mdogo, na za wengine, na madole gumba mawili ya wasiojua kuandika, na muhuri wa kijiji. Tarehe ilikuwa ya Jumapili ile.

"Alitaka yote," Bibi akasema. "Ya juu na ya chini. Alishawaambia wenzake kabla ya kikao. Wewe ulijua ya juu tu, kwa sababu ndiyo uliyoiona imelala chini."

Niliisoma karatasi tena tangu juu.

"Baba yenu amekufa, mama yenu kaolewa. Mimi ningekufa, matanga yasingeisha mngekuwa balabalani. Ya juu alishakata. Basi nikamwachia alichokwisha kata, nikamuuliza mbele ya watu kama ataona uchungu kuwaachia watoto wa kaka yake mawe yaliyobaki. Mtu akishinda anakuwa na huluma kidogo, lakini haikai. Nilikuwa naisubili hiyo. Na wewe ukaanza kumwita mwongo." Alitikisa kichwa. "Nilidhani umetuua."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Ungemwambia siku ya kwanza mkigombana. Ninakujua."

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama ana miguu. Akasema walipoondoka siku ya kikao alichukua blanketi zito la babu, akashuka nalo mtoni gizani, akalipiga juu ya mawe mpaka likapasuka katikati. Halafu akalishona kabla hatujaamka. Alicheka alipofika hapo, mimi nikalia, na ng'ombe akatuangalia wote wawili.

Aliishi miaka mitatu baada ya mazungumzo yale, na nilijitahidi kuyafidia yaliyopita kwa maneno mengi, hata akawa ananiomba nipumzike. Siku ya mazishi yake baba mdogo alisimama akaeleza jinsi mama yake alivyokuwa mpole, mwanamke asiyewahi kuwa na kinyongo na mtu. Watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Maneno yalinifika hadi kwenye ulimi. Lusekelo alinikanyaga mguu, kwa sababu hati yetu ya kimila ya kumiliki shamba ilikuwa bado inashughulikiwa, na saini moja iliyobaki ilikuwa ya baba mdogo. Nikanyamaza, na nikajua ladha ya mdomo wa Bibi siku ya kikao. Ni chungu. Wanaosema unyamavu ni hekima hawajawahi kuumeza.

Hati ilipotoka, nilipanda gari hadi Mbeya, nikaenda kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, mkewe akaniletea soda. Nikamwambia, "Baba mdogo, ulisema Bibi alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa na hasira na wewe mpaka tunamzika. Hakupata siku ya kukwambia, kwa sababu kila siku alikuwa na sisi wa kulinda. Mimi sasa nimeipata siku hiyo."

Akasema, "Hayo ni mambo ya zamani, mwanangu." Kisha akaangalia pembeni, na nikaona mkono wake unapapasa goti bila sababu. Hakuomba radhi, na hajaomba mpaka leo.

Utotoni nilidhani anayenyamaza ameshindwa au amesamehe. Bibi hakushindwa wala hakusamehe. Alikuwa mtu aliyelazimika kununua kwa kimya kitu kilichokuwa chake tangu mwanzo, na hilo, kila nikilifikiria, bado linanipandisha damu. Namheshimu kwa alichofanya. Waliofanya kiwe cha lazima siwaheshimu, hata kama nawaamkia.